Ghala la Baba Lililogeuka Meli

Enzi zetu, kitu kikiletwa nyumbani ndani ya boksi, hakuna aliyekifungua mpaka Baba arudi. Tulikizunguka, tukakinusa, tukakitikisa kidogo, kisha tukajifanya hatuna haja nacho. Hivyo ndivyo tulivyofanya siku boksi la Shangazi Kalekye lilipofika kijijini kwetu Kalamba kwa basi, pamoja na salamu na maneno matatu tu: zawadi ya watoto. Shangazi alikuwa mpishi wa familia fulani ya wageni huko Mombasa, nao walipohama walimwachia vitu wasivyovitaka. Boksi lilikaa sana chini ya kitanda chake. Mchwa wakala mfuniko, wakala na picha iliyokuwa juu yake.

Ndani mlikuwa na vijiti, vibao vyembamba vya kupinda, uzi, vitambaa vitatu vyeupe, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wetu wa darasa la sita aliigeuzageuza, akakohoa, akaturudishia. Harufu ya mbao zile bado ninayo puani. Haikuwa ya mti wowote wa kwetu.

Baba alikuwa mchongaji. Alitoa vijiko, vigoda na twiga kutoka kwa kipande kimoja cha mti, kwa tezo, kile kishoka chake kidogo. Kwake, mtu wa kuunganisha mbao kwa gundi ni mtu aliyekosea kukata. Boksi alilidharau siku mbili nzima. Siku ya tatu tukamkuta amechuchumaa kando yake, ameshika mti mmoja mrefu wenye pengo pengo, anauvisha mbavu moja baada ya nyingine. Zote ziliingia sawasawa.

“Hili ni paa,” akasema.

Na Mkamba yeyote angesema hivyo hivyo. Mti wa katikati juu, mapao yanashuka pande zote mbili, kisha vibao vya kufunika. Lilikuwa ghala dogo la mahindi, basi, la kuonyesha watoto. Likizo yote ya Agosti tukalijenga. Kaka yangu Musyoka alisugua kwa msasa, mimi nikashikilia vibao mpaka gundi ikauke, na mara mbili vidole vyangu viligandana mpaka Mama akavitoa kwa maji ya moto akinung’unika. Vitambaa viwili alikuwa amekwisha kuvitwaa kufunikia maziwa. Akipita alituuliza mlango wa ghala hilo uko wapi, na Baba akaongeza gundi. Majirani alikuwa ameshawaambia kwamba hata wazungu wana ghala.

Shida ilikuja kwenye miguu. Ghala lazima liwe na miguu, panya asipande. Vijiti vitatu virefu viliingia vizuri kwenye matundu matatu ya sakafu, lakini matundu yale yalikuwa kwenye mstari mmoja. Baba akalisimamisha juu ya kigoda, likaanguka. Akalisimamisha tena, likaanguka. Mara ya tatu lilianguka mpaka chini, likalala chali, miguu juu, na hapo nikaona kitu nilichokuwa nimekiona kwenye kitabu cha shule.

Nikamwambia Baba kwamba hiyo ni meli.  Akaokota tezo lake, akalirudisha mahali pake, akasema kama ni meli basi haina kazi hapa. Kitu cha gundi kikiona maji kinarudi kuwa vijiti.

Mimi nikashikwa na swali hilo kama homa. Itaelea au haitaelea? Nyumba nzima hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekuwa ameona chombo chochote juu ya maji. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Maji tuliyachimba, tukayachota kwa kikombe, tukasubiri kisima kijae tena, na Mama aliondoka na punda asubuhi akarudi jua likiwa kichwani. Maji ya kwetu yalinawisha uso, yakaosha miguu, yakamalizikia kwenye miche ya mipapai. Nilipoomba ya kujaza karai moja tu, Mama akafunika mtungi. Nikaomba kesho yake. Akasema maji si ya kuchezea, na nikajua nisirudie tena.

Shule ilikuwa ikifunguliwa Jumatatu. Jumamosi Mama akarudi kutoka mtoni, akashusha mitungi, akakaa kidogo akipangusa shingo. Meli ilikuwa pale kigodani, vitambaa vyote vitatu vimefungwa kwenye vijiti, hata vile viwili Mama alivyokuwa akifunikia maziwa. Aliitazama.

“Lete karai,” akaniambia. “Hata mimi nataka kuona.”

Akamimina mtungi mzima. Baba alikuja akasimama mbali, kama mtu aliyekuwa anapita tu. Niliiweka meli majini. Haikurudi kuwa vijiti, lakini ililala ubavu, kitambaa kikalowa. Baba akaguna. Mama akaitoa, akaipima mkononi, akasema ni nyepesi mno, punda asiye na mzigo hatulii. Akachota ndengu kiganja kimoja, akazimimina polepole kwenye upenyo wa pembeni mwa sakafu, akairudisha majini.

Ikasimama. Mama alipuliza kitambaa kidogo, nayo ikavuka karai. Akapuliza tena. Akauliza watu hulala wapi humo ndani, wanapikia wapi, na je, huko inakokwenda inajuaje njia ya kurudi.  Maji yale tulioshea nguo, kisha tukanywesha mipapai.

Majuzi nilimnunulia mwanangu boksi kama lile. Kabla hajalifungua, alitazama kwenye simu mtu mwingine akifungua lake, akijenga, mpaka meli yake ikaelea. Akaniambia, “Mum, nishaona venye inaisha,” akaliweka kando. Nyumbani Kalamba siku hizi kuna tangi, na bomba mlangoni. Kutoka stesheni ya Kibwezi treni inakufikisha Mombasa kabla hujachoka. Mimi bahari nimeiona mara nyingi, kwa semina, mgongo umeielekea nikisikiliza mtu akizungumza.

Mama hakuiona. Kila mwaka nilimpelekea sukari, leso, blanketi, na sikuwahi kumuuliza kama angependa kwenda, kwa sababu nilidhani mambo kama hayo ni ya watoto wa shule. Tulimzika akiwa na miaka themanini na kitu. Miaka yote nilidhani mwenye swali ni mimi, na kwamba yeye alikuwa na maji tu.