Siku Dada Alipokalishwa Kiti cha Spika

Dada yangu ni mbunge tangu wanangu wananyonya, na sasa wananiletea wajukuu. Kabla ya hapo alikuwa mkunga. Na kabla ya ukunga alikuwa binti aliyemshika mama yetu mkono akijifungua nje ya zahanati iliyofungwa, muuguzi kashakwenda kwake. Mama tulimzika pamoja na mtoto.

Ndiyo maana bungeni hakuwa na wimbo mwingine: kila zahanati iwe na mkunga, usiku na mchana. Wenzake wakambandika jina, Mama Zahanati. Akisimama tu, wanaguna. Mimi ningeshamvua mtu miwani! Yeye anacheka, anaendelea.

Muswada wake ulikwishaangushwa mara kadhaa. Safari hii alizunguka ofisi hadi ofisi, akanywa chai na watu asiowapenda hata kidogo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu," aliniambia. Kura zikakaribia kutosha. Siku ya siku nikakaa jukwaa la wageni.

Kumbe wana lao! Spika alikuwa na udhuru, na naibu wake pia. Mnadhimu wa wapinzani wa muswada, msimamizi wa kura zao, mwanamume wa suti ya kung'aa, akasimama. "Napendekeza mkongwe wetu atukalie kiti leo. Heshima kwa mama!" Ukumbi mzima makofi, nami nikapiga, mjinga mimi.

Mzee niliyekaa naye, karani mstaafu wa bunge, akaninong'oneza, "Unashangilia nini, mama? Anayekaa pale hapigi kura. Wamempunguza."

Nilitamani kuruka lile jukwaa. Dada akapanda kitini taratibu, uso mkavu.

Kengele ikalia kuwaita wabunge kupiga kura. Ikinyamaza, milango inafungwa, haingii mtu wala hatoki. Lo! Na yule wa suti je? Kwa furaha ya ushindi wa kura moja aliyoihesabu mwenyewe, alikuwa ametoka kujitapa kwa waandishi wa habari. Akafungiwa nje! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Karani wa siku hiyo akahesabu, akarudia, akampelekea dada karatasi. Dada akaisoma kwa sauti, "Kura zimelingana."

Mzee wangu akanikamata mkono, kasahau kuwa hatujuani. "Zikilingana, mwenye kiti ndiye anayeamua!"

Dada, anayeweza kuzungumza mpaka maji yakauke kwenye glasi, alisimama akiitazama ile milango iliyofungwa. Nikajua anamwona nani pale mbele yake.

"Ndiyo," akasema. Basi.

Nikapiga kigelegele, nalia, nacheka, sijui kipi kilitangulia. Askari akaja mbio. "Mama, humu hakuna kelele, nitakutoa."

"Nitoe, baba," nikamwambia, "nitoe haraka, nikawaambie watu!"