Mawe ya Babu na Ziara ya Mkubwa

Juzi nilirudi kijijini kwetu, upande wa Nyarugusu, nikakuta geti. Nasema kijijini kwetu kwa mazoea tu, maana kijiji chenyewe hakipo. Kuna uzio, kuna kifusi kirefu kuliko kilima tulichokuwa tukichungia mbuzi, na mitambo inayonguruma huko ndani. Mlinzi mmoja kijana alikuwa amechuchumaa kando ya barabara na ndoo ya chokaa, akipaka mawe yaliyopangwa mstari mpaka getini. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, nikamuuliza kuna nini.

"Kesho tuna ziara, mama."

Harufu ya chokaa mbichi ikanipanda puani. Nikwambie ukweli, sikujua kwamba hasira ya utotoni inaweza kukaa mwilini miaka yote hiyo bila kupoa.

Mimi nililelewa na bibi, mama mzaa baba. Asubuhi alianika michembe juu ya mwamba nyuma ya jiko, na kazi yetu wajukuu ilikuwa kuwafukuza kuku na kuiba vipande vya viazi vilivyokwisha kukauka. Mchana tulikula ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na mlenda, au dagaa kama kuna mtu ametoka Chato. Huko bondeni makarasha yalisaga mawe ya wachimbaji kutwa nzima, tukayazoea hata tukawa hatuyasikii, mpaka siku yakizimwa ndipo tunashtuka.

Nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa minyaa, alilala babu. Kaburi lake halikuwa na msalaba wala saruji. Lilizungushiwa mawe makubwa ambayo bibi aliyabeba mwenyewe kichwani kutoka kilimani, mwaka aliofiwa. Kila akimaliza kufagia uwanja alikwenda kufagia na pale, akampa babu habari za nyumbani: ng'ombe gani amezaa, mvua imekuwaje, nani ameoa na nani amekimbiwa na mke. Sisi tulicheka pembeni. Yeye hakujali.

Neno ziara nililisikia kwanza kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka Tabora kufuata dhahabu. Duara, lile shimo la kuchimbia, lilimfukia mumewe, akazikwa ng'ambo ya shule. Siku ya ziara jirani alioga, akavaa kanga safi, akachukua maji kwenye birika na kwenda kung'oa majani kaburini, kusoma dua na kukaa na marehemu wake bila haraka. Bibi hakusali popote, lakini neno lile alilipenda. Akalichukua, akalitamka Kisukuma, "ziala", na tangu siku hiyo naye akawa anakwenda ziara nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kwake lilikuwa na maana moja tu: unajisafisha, unakwenda kwa mtu, unakaa naye.

Sasa fikiria mwalimu wetu alipotangaza kwamba mkubwa kutoka mkoani atafanya ziara kijijini. Wakati huo uvumi ulikuwa umeenea kwamba mgodi utachukua ardhi yetu, na watu wazima walikuwa hawalali. Shuleni vitabu vilifungwa. Tulifagia barabara, tulifyeka, tulikata matawi ya kupamba. Kila mwanafunzi aliambiwa alete mawe ya kupaka chokaa, barabara ipendeze. Kilimani mawe mazuri yalikuwa yamekwisha kubebwa na watoto waliotutangulia.

Bibi alipoona tumerudi mikono mitupu akaenda nyuma ya nyumba, akaongea kidogo na babu, kisha akatuita. "Chukueni haya. Mgeni wa heshima anakuja, babu yenu naye ampokee. Akishapita mtayarudisha." Tukayabeba moja moja.

Siku yenyewe bibi alichinja jogoo, akasonga ugali, akaweka maziwa ya mgando kwenye kibuyu alichokipaka mafuta kikang'aa. Mtu akiwa ziarani kwenu lazima ale, hilo kwake halikuwa na mjadala. Magari yakaja na vumbi lake. Mkubwa akashuka uwanjani, akasifu usafi wa kijiji, akasifu hasa yale mawe, akasema tusiwe na wasiwasi, hakuna atakayeguswa bila haki yake. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kisha milango ya magari ikapigwa, wakaondoka. Bibi alikuwa bado amesimama mlangoni na maji ya kunawa.

"Amesahau kuingia," alisema. Chakula tulikula sisi. Yeye hakugusa.

Tulipotaka kurudisha mawe, mwalimu akakataa. Ziara nyingine iko njiani, alisema, yaacheni hapo hapo. Bibi akakubali, maana mgeni aliyesahau kuingia huenda akarudi.

Waliorudi ni vijana wa mgodi wenye kamba za kupimia. Walihesabu nyumba, miembe na makaburi, kwa sababu makaburi yangehamishwa kwa heshima. La mume wa jirani lilikuwa na ukingo wa saruji, wakalitia alama ya rangi. Bibi akawaonyesha ardhi tupu aliyoifagia asubuhi hiyo.

"Kaburi liko wapi, bibi?"

"Ndilo hilo mlilolikanyaga. Mawe yake yako barabarani, yanampokea mkubwa wenu."

"Mawe ya barabarani ni mawe ya barabarani, bibi," kijana akamjibu, na wenzake wakacheka. Wazee wakasema, mwenyekiti akasema, haikusaidia kitu. Babu alibaki. Sisi tukahamia Buseresere, kwenye nyumba ya bati isiyo na hata mahali pa kuanika michembe.

Mara ngapi bibi alipanda gari kuja kwenye geti hili, sijui. Walimwambia aombe kibali. Alikufa akiwa bado anamwuliza kila mgeni aliyetoka huku kama nyuma ya nyumba pamefagiwa.

Hayo yote hayapo tena: mwamba wa michembe, minyaa, shule, hata kelele za makarasha yetu madogo. Ziara ndizo zimebaki. Hizo haziishi.

Nikamwambia kijana wa getini kwamba na mimi nina ziara.

"Ya ofisi gani, mama?"

"Ya kaburi. Babu yangu yumo humo."

Akanitazama kwa huruma, si haba. "Mama, makaburi yote yalihamishwa. Humu hakuna kaburi."

Nikainama kuyatazama yale mawe. Mengine yalikuwa makubwa, ya zamani, chokaa juu ya chokaa. Nani atajua? Nikanyoosha mkono.

"Usiguse, mama, chokaa bado mbichi! Kesho tuna ziara."

Nilikuwa nimekwisha kugusa. Nikapanda gari la Buseresere na chokaa vidoleni. Kaburi la bibi nimelijengea zege na nondo, fundi akanicheka kwamba najenga tanki la maji. Acha acheke. Niling'oa majani, nikakaa, nikapaka vidole vyangu juu ya saruji, nikamwambia bibi kwamba babu anamsalimia na nyuma ya nyumba pamefagiwa. Ulikuwa uongo, na bibi yangu alishadanganywa vya kutosha, lakini sikuwa na habari nyingine ya kumpelekea.