Ratiba ya Mazishi Iliyotaka Namba ya Siri

Mama mkwe wangu alipofariki, pesa zote za mazishi zilikaa kwenye simu yangu, na mimi sikuweza kutoa hata shilingi. Ndivyo ukoo wa mume wangu unavyofanya: mmoja anashika simu yenye akaunti ya benki, mwingine anashika namba ya siri, na wawili hao hawalali nyumba moja. Namba ilikuwa kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Otonglo. Malipo yakihitajika anakuja, anajifunika leso yeye na simu pamoja, anabonyeza, anatoka. Miaka yote hiyo ya ndoa, na bado nafichwa namba kama mwizi. Iliniudhi, sisemi uongo.

Jumatano tulipaswa kulipa mochari na jeneza ili Mama atoke Ijumaa. Asubuhi hiyo, kwenye kundi la familia, likaingia faili kutoka kwa binamu wa mume wangu aliyeko Bondo: "Ratiba ya Mazishi." Ni yeye tuliyempa kazi ya kuandaa ratiba, sasa nani angesita? Kwetu mtu anaweza kupuuza mwaliko wa harusi, lakini habari ya msiba hufunguliwa hata mikono ikiwa na unga. Simu ikauliza kama naruhusu kitu kipya kiwekwe. Nikaruhusu. Ikauliza kama kinaweza kusoma ujumbe wangu. Nikaruhusu pia, haraka yangu ni kuona picha ya Mama. Hapakuwa na picha wala ratiba. Ukurasa wa benki ulijifungua wenyewe, rangi zile zile, ukisema akaunti itafungwa nisipoandika namba ya siri.

Nilishikwa na hofu, nikampigia wifi.

"Nitajie tu hiyo namba niandike. Akaunti inafungwa."

"Hiyo namba haisemwangi kwa simu," akasema. "Koro, sasa, wewe ngoja, nakuja."

Nilimngoja kwa hasira mpaka chai ikanishinda. Nilijiambia Mama atabaki kwenye barafu kwa ukaidi wa binti yake mwenyewe. Alipofika, ananuka omena, alichukua simu bila maneno mengi, akajifunika. Nikasikia kucha yake ikigonga kioo, ikagonga tena, halafu ikaacha. Kisha sauti ikatoka chini ya leso, polepole, ikisoma ujumbe wa kundi la familia ulioteremka juu ya kioo: "Msifungue ile ratiba, si mimi nimetuma. Hii ni simu ya mke wangu. Yangu imeingiliwa na akaunti imekombwa yote."

Akafunua uso. "Nimeweka tarakimu mbili," akasema. "Zilikuwa zimebaki mbili."

Tulizima simu, tukapanda boda mpaka benki mjini. Afisa alizuia akaunti isitumiwe tena kwa simu, akaitazama kompyuta yake muda ambao sitaki kuurudia, kisha akasema pesa ziko zote. Wifi alikaa sakafuni pale pale, mbele ya foleni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka.

Mochari na jeneza vililipwa dirishani. Mama angetoka Ijumaa, kama tulivyopanga. Halafu afisa akatuletea kidude cha kubonyezea, akasema tuchague namba mpya. Wifi akanisukumia.

"Weka wewe," akasema. "Umekaa na sisi vya kutosha."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu niolewe, na niliyafurahia kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamrudishia kidude, nikageuka, nikatazama barabara mpaka aliponiambia amemaliza.