Fundi Pazia Arudia Chafya Zake

Kabla sijaanza, mwenye haya na afunike uso kwa viganja, ila aache upenyo kati ya vidole, maana najua atachungulia tu.

Nina mwanangu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye watu humwita Fundi Pazia. Hushona mapazia ya maofisi na ya majumba, na akishamaliza dirisha lako, hata jua linabisha hodi. Ni mwanamke mpole, miwani shingoni, utepe wa kupimia begani. Ukimwona barabarani utadhani anakwenda kutubu dhambi za wenzake. Kumbe huyo huyo, kabla hajaolewa, alikuwa akiandika hadithi za mahaba ya chafya.

Ndiyo, chafya. Usirudi nyuma kusoma tena, macho yako ni mazima. Matamanio yalipokuwa yanagawiwa, watu wengi walipanga foleni ya mapaja, ya macho, ya viuno. Foleni zikawa ndefu mpaka nje. Wachache wasio na subira wakaenda kwenye dirisha lisilo na mtu, wakakabidhiwa pua. Basi hao, watu wazima na akili zao, mtu mzima mwenzao akipiga chafya ya haja, damu huwachemka. Hawamdhuru mtu, hawamgusi mtu. Wanachotaka ni kusoma tu, na vitabu vya namna hiyo huvipati dukani katikati ya hesabu na ufugaji wa kuku. Kwa hiyo walikuwa na ukurasa wao mtandaoni, wenyewe kwa wenyewe, na malkia wao alikuwa Fundi.

Mimi nilijuaje? Alinisomea. Hakuwa na mwingine wa kumsomea, na alijua kwamba siri kwangu imeingia kaburini. Kaburi langu lina mlango, lakini ni kaburi.

Halafu akaja Bwana Mita. Wakati huo alikuwa msoma mita wa idara ya maji, kijana mwembamba, soksi moja ina tundu. Siku ya kwanza alipofika langoni kwetu, alifungua kifuniko cha mita, vumbi likampanda, akainua kidole kimoja juu kama anayeuomba ulimwengu usimame kidogo. Akasema, “Sama... sama...” Sisi tukasubiri samahani yetu. Haikuja. Nusu ya pili ya neno ilitokea puani: “HAANI!” Jogoo wa jirani akawika mchana kweupe. Nguo zilizokuwa kwenye kamba zikakauka hapo hapo. Kalenda ukutani ikafunuka hadi mwezi unaofuata, na mpaka leo kuna mwezi mmoja ambao katika nyumba ile hatukuuishi.

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anakitazama kile kidole. Nikajua tumeshampoteza.

Alipoolewa, alinichukua nikaishi nao, na kuandika akaacha. Ghafla, kama mtu aliyekata uzi kwa meno.

“Kwani amekukataza?” nikamuuliza.

“Hajui, mama mkubwa. Na sitaki ajue. Mke wa mtu haandiki pua za watu.”

“Na wasomaji wako?”

“Watapona.”

Moyoni nikasema haya, mwenye kisima uani hatazami mawingu. Lakini kisima nacho kina mambo yake. Bwana Mita alikuwa akipiga chafya kwenye malango ya watu, na mbwa wa mtaa mzima walikuwa wakimfukuza kwa kudhani ametangaza vita. Suruali zikaisha. Akaenda kwa daktari, akapewa vidonge vya mzio, vidogo kama punje za mtama, na punje hizo zikamwangusha tembo. Pua ikanyamaza. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mingine. Akapanda cheo, akawa msimamizi, akapewa meza, tai, na kiti kinachozunguka. Na Fundi je? Akaendelea kukata vitambaa. Angesema nini? Bwana, tafadhali ugua?

Basi majuzi hapa, Fundi alikwenda kutundika mapazia kwenye ofisi ya wakili mmoja mzee. Alikuwa amebeba cherehani ndogo ili amalizie upindo pale pale. Akakung’uta pazia la zamani, akarudi kwenye cherehani, vumbi likamwingia wakili puani, wakili akapiga chafya moja ndefu ya kisomi, na Fundi akakipitisha kidole chake mwenyewe chini ya sindano.

Akarudi nyumbani na bandeji, macho yanang’aa kama ya mtoto aliyeiba sukari.

“Mama mkubwa, nimerudiwa.”

“Na nani? Mume wako yuko kazini.”

“Na zile.”

Nikamwambia aketi. Usizeeke tu, mjukuu wangu unayesoma haya, maana ukizeeka utaletewa kila kitu.

Ile hadithi ya kwanza baada ya mapumziko aliiandika kwa siku nyingi, na aliponisomea nilishukuru kuwa nimekaa, vinginevyo ningeanguka kwa usingizi. Ilisema hivi: “Mwanamume aliingia. Alipiga chafya. Ilikuwa kubwa. Mwanamke alifurahi.”

“Hii ni hadithi,” nikamuuliza, “au ni taarifa ya polisi?”

“Mbaya?”

“Si mbaya. Imekosa marehemu tu.”

Kwa ukaidi akaipeleka ukurasani hivyo hivyo. Wasomaji wake walikuwa bado wapo, wamezeeka kidogo, na walimpokea kwa upendo wote wa watu walioachwa bila kuagwa. Mmoja anayejiita Leso Mbili akaandika: “Karibu tena, malkia. Tumeikosa sana kalamu yako. Hii uliyotuletea ni ya nani?”

Fundi akalia. Alilia kweli, mbele yangu, uso kwenye kitambaa cha mteja. Akasema labda kile kitu kimekufa ndani yake, na kwamba mapazia anayaweza na anayashukuru, lakini hakuna pazia hata moja lililowahi kumfanya asahau kula. Nikaacha utani kwa muda ambao kwangu ni mrefu.

“Zamani ulikuwa unafanyaje?” nikauliza.

Akafuta macho. “Zamani nilikuwa nasubiri. Chafya si kile kishindo, mama mkubwa. Kishindo hata tairi linacho. Utamu uko pale kabla, mtu anapotaka na hakiji, anataka na hakiji, na wewe unayemtazama umeshika pumzi. Sasa hivi nakimbilia mwisho. Nimezoea kukimbilia mwisho.”

“Basi mwandike mtu uliyewahi kumsubiri.”

Akaangalia picha ya harusi ukutani. Mimi nikaangalia dari, maana dari haitoi ushahidi mahakamani.

Ndivyo ilivyozaliwa hadithi ya Msoma Mita wa Lango la Bluu. Mwanamke mpweke, lango la bluu, kijana na kifuniko cha mita, vumbi linapanda taratibu. Kidole kinainuka. Sama. Fundi akamwacha pale aya nzima. Sama. Aya nyingine. Mimi mwenyewe, na umri huu, nilijikuta nimeshika kiti. Alipofika kwenye HAANI, nikasema “Afya!” kwa sauti, jirani akajibu “Asante.”

Ukurasa ukawaka moto. Leso Mbili aliandika neno moja tu: “Maji!” Hatukujua ni ya idara au ya kunywa.

Sasa tatizo. Sote tunajua kwamba mtu akisemwa hupiga chafya. Akisemwa na mmoja, hupiga moja. Bwana Mita alikuwa akisemwa na ukurasa mzima, asubuhi na jioni, kwa hisia. Vidonge gani vitazuia hilo? Alianza siku ya pili yake, mezani, kijiko kiko hewani. Kidole kikapanda.

“Sama... sama... HAANI!”

Bakuli la chumvi likahamia upande wangu. Fundi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Afya,” nikasema. “Karibu tena, baba.”

“Vidonge vimeharibika,” akasema Bwana Mita.

Hazikukoma. Kila sura mpya ikitoka, pua yake inapokea salamu. Akaanza kuwatilia shaka wenzake kazini.

“Mama, kuna watu wananisema ofisini.”

“Wanakusema sana, mwanangu. Tena vizuri.”

“Umejuaje?”

“Chafya ya kusengenywa huwa kavu. Yako ina baraka.”

Fundi akanikanyaga chini ya meza. Usoni alicheka, lakini jioni alinikuta uani akaniambia anaogopa. Mume wake ni mtu wa heshima zake. Akijua, atadhani ameanikwa kama soksi. Atamwambia aache, naye hajui atamjibu nini, maana mara hii kuacha kutakuwa ni kuzika.

“Basi badilisha neno,” nikamshauri. “Msoma mita wako aseme pole, au aseme hodi.”

“Haitakuwa yeye.”

“Si ndicho tunachotaka?”

“Haitakuwa yeye, mama mkubwa, na haitakuwa hadithi.”

Msanii akishaingiwa, usimpe busara. Ni kama kumpa mbuzi mwavuli.

Ikawa siku moja mama mmoja wa benki, mnene, mwenye mkoba wa ngozi, akaenda idara ya maji kukataa ankara yake. Akapelekwa kwa msimamizi. Akaipiga meza, akasema maji hayo hata nyangumi hayamalizi. Bwana Mita akafungua faili la zamani ili amwonyeshe. Faili likatoa vumbi. Kidole kikainuka.

“Sama... sama...”

Mama wa benki akanyamaza katikati ya tusi.

“HAANI!”

Mkoba ukaanguka. “Lango la Bluu!” akasema yule mama, mkono kifuani. “Ni wewe!”

Na kwa kuwa furaha haina akili, akatoa simu akamwonyesha. Halafu akili ikamrudia, akajifunika uso na ile ankara, akatoka mbio, akailipa bila kubisha.

Bwana Mita alirudi nyumbani saa ambayo wasimamizi hawarudi. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nikajifanya nimelala, nikaongeza na koromo kidogo kama risiti.

“Mke wangu.”

“Abee.”

“Msoma Mita wa Lango la Bluu unamjua?”

Cherehani ikasimama.

“Mama, acha kukoroma. Macho yako wazi.”

Nikaketi. Nikasema sijasikia kitu, endeleeni.

“Ni mimi huyu?” akauliza, simu mkononi.

“Ni hadithi tu,” akasema Fundi.

“Hadithi ina kidole changu. Ina samahani yangu. Mpaka ile soksi yenye tundu imo!”

“Soksi nitaitoa.”

“Si soksi!” Akaivuta simu karibu, akasoma kwa sauti ya kiofisi. “‘Kifua chake, kipana kama mlango wa ghala, kikapanda polepole.’ Hiki kifua ni cha nani?”

Sote watatu tukakitazama kifua chake. Kifua cha mkwe wangu ni kifua cha heshima, sikatai. Lakini si mlango wa ghala. Kwa kukisia, ni mlango wa kabati la vyombo.

“Pua yangu, kidole changu,” akasema, na sauti ikamkatika kidogo, “halafu kifua umekwenda kuazima wapi?”

“Sijaazima kwa mtu. Nimetunga.”

“Unanichekeshea watu, mke wangu?”

Hapo utani ulikwisha hata kwangu. Fundi akainuka, nyuzi zimemjaa kwenye gauni.

“Soma chini yake,” akasema. “Soma wanavyosema. Mtu mmoja akicheka, nafuta yote leo.”

Akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Kuna mahali alilegeza tai.

“Niliacha kuandika ulipo­nioa,” Fundi akaendelea. “Hukuniomba. Niliacha mwenyewe kwa kuogopa, nikakaa kimya kama nimeficha maiti. Ukisema kifua kitoke, kitatoka. Ukisema asiwe wa maji, nitamfanya wa umeme. Lakini kuacha, siachi tena. Nakuambia mbele ya mama.”

“Usinitaje,” nikasema.

“Kwa hiyo ulikuwa unazipenda,” akasema Bwana Mita taratibu. “Hizi... tangu lini?”

“Tangu langoni.”

“Na nilipoanza vidonge mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Mbwa walikuwa wanakula suruali.”

Akatoka nje. Tulimwona dirishani, kupitia pazia zuri kuliko yote mtaani, amesimama uani karibu na pipa la maji, mikono kiunoni. Fundi hakukaa.

Akarudi. Akafuta miguu mlangoni, jambo ambalo hafanyi kamwe.

“Yule mwanamke wa lango la bluu,” akasema, akitazama ukuta, “alimfungulia au hakumfungulia?”

“Bado sijaandika.”

“Na watu wanasubiri?”

“Wote.”

Akavua tai, akaitundika kwenye msumari. “Andika. Leo nitapika mimi.”

Nimekula misibani na nimekula wakati wa mafuriko, lakini wali ule sitausahau. Juu mbichi, katikati ziwa, chini makaa. Hakuna aliyelalamika. Fundi alikula kwa mkono mmoja, mwingine unaandika, ulimi nje pembeni mwa mdomo kama zamani. Na mume wake akasimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, akajikohoza.

“Ile habari ya kifua,” akasema. “Kiache kwanza.”