Kiti kimoja, ndugu wawili

Treni ya kwenda Dar ilipoondoka Igalula, kiti kimoja kilibaki wazi. Wanaume wawili waliosimama tangu Tabora walikifikia pamoja: muuza vitambaa wa mjini na mkulima wa Nzega.

"Kaa wewe, ndugu," alisema mmoja.

"Hapana, ndugu, kaa wewe," alijibu mwenzake, na hakuna aliyesogea.

Mwishowe muuza vitambaa akatoa ubao wa drafti, akauweka juu ya kiti chenyewe, akapanga vizibo vya soda. Mshindi angekaa.

Muuza vitambaa hakuutazama ubao sana. Alitazama mdomo wa mkulima, aliyekuwa akitafuna karanga, kwa sababu kila mara mkulima alipotega mtego, taya zilisimama. Zikisimama, muuza vitambaa anakwepa. Akaongoza hivyo hadi karibu na Tura, ndipo akaingia mtegoni mzimamzima, kete zake zote zikaliwa.

"Ndugu yangu, mbona safari hii hukuacha kutafuna?"

"Karanga zilikwisha zamani," alisema mkulima akikaa. "Lakini nilikuona unanitazama mdomo, nikaona nisikunyime."

Behewa zima tulicheka. Nasi pia tulikuwa tukitazama mdomo.