Ambrosi na Balbu ya Mapiko Madogo

Na ifahamike kwa wananchi wote kwamba mwanga si changamoto tena. Changamoto iliyobaki ni mtazamo. Hayo yalitamkwa mjini Newala na mgeni rasmi wa semina ya wajasiriamali wa sanaa ndogondogo, mtu ambaye kusomwa kwa vyeo vyake kulikula muda wa chai. Aliongeza kwamba msanii wa kisasa hajifichi porini kama digidigi. Anafanyia kazi nyumbani, chini ya balbu, jua lipende lisipende.

Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Ambrosi, mchonga vinyago wa palepale Newala, mwenye mikono mizuri na ugonjwa wa kupenda semina. Vyeti vimejaa ukuta wa sebule yake. Kimojawapo ni cha ufugaji wa nyuki, na nyuki anawaogopa.

Kazi yake wakati huo ilikuwa kutengeneza mapiko, vile vichwa vya mti ambavyo mchezaji huvaa katika ngoma ya Kimakonde, ila yeye aliyapunguza hadi ukubwa wa kidole gumba. Kila lipiko na macho yake, meno yake, na chale za usoni nyembamba kama unywele. Kuchonga hakukumsumbua. Kupaka rangi ndiko kulikotaka jicho. Maonyesho ya Masasi yalikuwa yanakaribia, na kazi moja bora ingepelekwa Dodoma. Ambrosi hakuwa na shaka ni ya nani. Alikuwa ameshaanza kuaga watu kanisani.

Sasa, lipiko halipakwi rangi mbele ya wanawake. Tangu zamani linapakwa porini, kwenye kibanda cha wanaume, mchana, mahali pa wazi ambapo wanawake hawapiti. Ambrosi aliliacha pori, kama alivyofundishwa, lakini mwiko wa pori akaubeba wote mpaka chumbani. Dirisha akalipigilia gunia. Nyufa za mlango akaziziba kwa matambara. Chumba akakiita studio. Nje, jua la Newala likikausha korosho majamvini; ndani, mtu mzima anatafuta kopo la rangi kwa kupapasa.

Uwesu, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Kitangari, alikuja kukagua kama heshima inalindwa. Alisimama katikati ya giza lile akaridhika sana.

"Hapa pazuri. Lakini hilo gunia lina tundu."

"Tundu dogo tu, mzee."

"Na lipiko lako ni dogo. Litapita hapo hapo. Ziba."

Ambrosi akaziba.

Aliyekuwa akifichwa ni mkewe, Veridiana, ambaye watu humwita Mama Ethel. Ieleweke kwamba mwanamke wa Kimakonde anajua kila kitu kuhusu lipiko, na adabu yake ni kutojua. Mama Ethel ndiye aliyefagia mabaki ya vichwa vilivyopasuka, akawashia moto wa uji. Kila alipopita na dumu la maji kichwani alitangaza mlangoni:

"Baba Ethel, napita! Sioni kitu!"

"Pita haraka!"

"Hata wewe huoni, nasikia makopo yanaanguka!"

Balbu ya kwanza ilikuwa ya njano, iliyomo chumbani tangu nyumba ijengwe. Ambrosi aliifurahia. Chini yake kila uso ulipendeza, kama watu wanavyopendeza kwenye harusi baada ya giza kuingia. Kisha Uwesu akatoka na kichwa kimoja mkononi hadi chini ya mkorosho, akakigeuzageuza.

"Huyu anatafuna tumbaku?"

"Kwa nini?"

"Meno."

Meno yote yalikuwa ya manjano. Chini ya balbu ile, kopo la manjano na kopo jeupe yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Mtu mwingine angeng'oa gunia. Ambrosi alisema, "Balbu hii ni ya kizamani," akaenda sokoni.

Muuza vifaa vya umeme pale ni Abdulazizi, ambaye hajawahi kukosa jibu wala kupata la kweli.

"Nataka mwanga unaoonyesha rangi ilivyo," Ambrosi alimwambia. "Nimesoma kwenye simu. Balbu nyingine zinadanganya."

"Baba Ethel, unataka balbu au shahidi wa mahakamani?"

"Nataka nyeupe. Kali."

"Basi chukua hii. Ukiiwasha unaona mpaka dhambi zako."

"Na wekundu inauonyesha vizuri?"

Abdulazizi aliiwasha, akaishika juu ya kipara cha mteja mwingine. "Unakiona? Unataka nini zaidi?"

Balbu nyeupe ikafungwa katikati ya dari, nyuma ya kiti, hivyo kila Ambrosi alipoinama, kivuli cha kichwa chake kilifunika kichwa alichokuwa akikipaka. Alijifunza kupinda shingo kama kuku anayesikiliza. Meno yakawa meupe, hilo lazima tumpe. Lakini nyuso zilionekana zimepooza, za kijivujivu, kama watu waliolala njaa. Balbu ile nyeupe kweli ilionyesha kila kitu isipokuwa wekundu. Ambrosi akauona upungufu, akaulaumu udongo mwekundu aliokuwa akiupaka, akaongeza rangi nyekundu ya dukani. Bado. Akaongeza tena, mpaka nyuso zikapata uhai. Mama Ethel alipopita na dumu lake alishauriwa, kupitia mlango uliofungwa, ajiandae kuishi na mtu wa Dodoma.

"Umezitazama nje?" aliuliza. "Hizo nisizozijua?"

"Nje kuna nini?"

"Kuna jua."

"Mama Ethel, majaji watatazama ndani ya ukumbi. Ukumbini kuna balbu kama hii hii. Nilihakikishiwa kwenye semina."

Kwa haki yake, hapo alikuwa sahihi, na ndilo jambo la kusikitisha. Mapiko aliyafunga kwenye pamba bila kuyatoa mchana hata mara moja, Uwesu akisimamia wanawake wasikaribie, akaenda nayo Masasi.

Ukumbini, chini ya balbu nyeupe, yalisimama mezani yakipendeza kama alivyotaka. Mgeni rasmi, yule yule, alipita akasema huo ndio mtazamo unaotakiwa. Ambrosi alipanga hata tabasamu. Kisha majaji walipofika meza ya jirani yake, wakabeba kila kitu wakatoka nacho uwanjani. Katikati ya uwanja mapiko yalikuwa mekundu kama nyanya zilizochemshwa, chale zimezama ndani ya rangi. Jaji mmoja mama, ambaye kwa adabu alikuwa hajui hayo ni nini, aliuliza kama watu hawa wameungua. Dodoma kukaenda kikapu cha ukindu kutoka Chiwata.

Walitoka nje kwa sababu umeme ulikatika.