Chakula Alichokikataa Khairat

Wifi yangu Khairat alikuwa akienda chooni mara thelathini kwa siku, na kisiwa kizima cha Chula hakikujua. Mimi nilijua. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi watu wakisimulia habari zake hunitaja mimi kama mtu aliyemsaidia, na sipendi kusifiwa kwa kitu nilichokiharibu.

Jina langu Barke, mke wa Abdulqadir. Abdulqadir alikuwa na dada wawili: Twahira aliyekuwa mkubwa wao, na Khairat kitinda mimba. Mama yao alifariki Khairat akiwa na miaka minne, akalelewa na Twahira, ambaye mwenyewe hakujaliwa mtoto na mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Twahira alimsuka, alimwogesha, alimwozesha. Siku Khairat alipoolewa na Hussni, fundi wa mashua, Twahira alilia mpaka sauti ikamkauka, hata tukamtania kwamba mtoto anapelekwa nyumba ya tatu tu, si Yemen.

Twahira alikuwa mpishi. Sisi wengine tulikuwa tunachemsha tu. Mchuzi wake wa papa ulikuwa na ukwaju mzito, nyanya, pilipili mbichi za kupondwa, na ndimu iliyokamuliwa mwisho kabisa, chungu kikishaepuliwa. Siku ya Idi ndugu wote tulikula kwake, sinia moja, na mkono wa Khairat ndio uliotangulia. Twahira hakuruhusu mtu aguse kabla yake, hata Abdulqadir na ndevu zake.

Basi ikatokea Khairat ana mimba ya miezi saba, akala kwa dada yake siku ya Idi kubwa, na siku ya tatu mimba ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Watu wa kwetu ni wema, huja msibani na mchele mkononi, lakini na maneno huja nayo. Bi Mwanalima, jirani yetu, ndiye niliyemsikia wa kwanza akisema kwamba mwanamke asiyezaa ana jicho baya, na kwamba lile sinia lichunguzwe. Khairat alipopata habari aliyatukana maneno hayo wazi, akaenda kwa dada yake, akala mlango ukiwa wazi ili kila apitaye amwone. Nilimpenda sana siku ile.

Mwaka uliofuata yakaanza maumivu. Yalikaa chini ya kitovu, yakiwaka. Akikojoa anapata nafuu ya dakika chache, kisha anataka tena, na kinachotoka ni matone. Alimeza vidonge kutoka kila duka la dawa la Kismayo, maana kila muuzaji alimwambia ni uchafu wa mkojo. Mwishowe nikamsindikiza kwa daktari. Ndani ya boti hakunywa hata tone tangu alfajiri, asije akawaomba wanaume wageuze nyuso zao, na tulipofika Kismayo alikuwa hawezi kusimama wima.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, jina lake Fardowsa, na hakuwa na haraka. Alitueleza kwa Kisomali kwamba mkojo hauna vijidudu, ukuta wa kibofu wenyewe ndio unaouma, na hana dawa ya kuumaliza ugonjwa huo. Ila vipo vyakula vinavyouchokoza, na kila mgonjwa ana vyake. Ale wali mtupu na samaki wa kuchemsha kwa wiki mbili, kisha aongeze kitu kimoja kimoja, siku tatu kila kimoja, aone. Na maji anywe kidogo kidogo kutwa nzima, asijikaushe, maana mkojo mzito ndio unaochoma zaidi.

Kabla hatujarudi Chula, Khairat aliniwekea msahafu mbele yangu. Aliogopa wataambiana kuwa ni kikojozi, mwanamke asiyeshika udhu, na kwamba Hussni, aliyekuwa bado akimsubiri mtoto, angeshauriwa aoe mke mwingine. Nikamuuliza kama na dada yake nimfiche. Akasema dada yake kuliko wote, kwa sababu dada yake angezunguka kisiwa kizima akimtafutia dawa na kumtangaza nyumba kwa nyumba. Hilo lilikuwa kweli. Nikaapa.

Nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo daftari nililishika mimi. Ukwaju ulimlaza siku mbili. Ndimu, pilipili na nyanya zilimfanya vivyo hivyo. Kahawa haikufaa, wala chai yetu ya viungo, na mwanamke wa Kibajuni asiyekunywa chai kwa watu anapaswa kuwa na sababu nzuri sana. Vilivyobaki ni wali, samaki wa kuchemsha, nazi, maziwa, boga na mkate wa mtama. Alivishika hivyo kwa imani, na maumivu yakapungua kutoka kila siku hadi siku chache za mwezi. Alianza kulala. Alianza kucheka tena na kunisema kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Ilikuwa rehema kubwa, ila kila kitu kilichokuwa ndani ya chungu cha Twahira sasa kilikuwa nje ya kinywa chake.

Idi ya kwanza alichelewa makusudi, akasema ameshakula kwa mama mkwe. Idi ya pili alikaa kwenye sinia, akachota wali wa pembeni usioguswa na mchuzi. Katikati ya mwaka akawa anafunga ili apate udhuru, ingawa kukaa bila maji kulimchoma. Alifunga Sita za Shawali, akafunga Jumatatu na Alhamisi, mpaka mume wangu akauliza kama dada yake anataka kuwa walii. Twahira hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa Khairat kwenye sinia, na nilimwona akitazama, nikanyamaza kwa ajili ya kiapo changu.

Nadhani alikuwa akitafuta uhakika, kwa sababu siku moja ya Ijumaa alimpelekea chakula nyumbani kwake. Sinia lilikuwa limefunikwa kawa, papa kama siku zote. Khairat alipokea, akashukuru, akambusu mkono. Twahira alipokwisha kuondoka, Khairat akalileta kwangu kwa mlango wa nyuma, na mimi nikawapa wanangu. Huko ndiko kuharibu kwangu. Ningeweza kukihamishia chakula kwenye sahani zangu, nikakosa hata akili hiyo. Twahira alipita uani kwangu kutafuta kuni, akawakuta watoto wamekaa kwenye sinia lake.

Aliniuliza kama Khairat ndiye aliyeleta. Nilisema ndiyo. Aliniuliza kwa nini. Nilitazama chini. Alingoja sana pale, kuni mkononi, na najua kabisa kwamba kama ningesema neno moja, hata neno kibofu peke yake, yote yangekwisha palepale. Nilimwogopa Mungu mahali ambapo sikutakiwa kumwogopa. Twahira akaondoka, na tangu siku ile hakumpikia mtu yeyote. Idi iliyofuata mlango wake ulikuwa umefungwa, akasema anaumwa kichwa. Khairat alikwenda kubisha, akajibiwa kutoka ndani kwamba hana kitu cha kumpa.

Nilimsihi Khairat aseme. Alisema atasema, baada ya Ramadhani, baada ya arusi ya fulani, akipata mtoto. Hakupata mtoto, na miaka ikapita hivyo, watu wawili waliopendana kuliko yeyote niliyemjua wakisalimiana njiani kwa adabu.

Mwaka huu Twahira aliugua ini. Macho yakawa ya manjano na tumbo likamjaa. Tukampeleka hospitali Kismayo, mimi, Abdulqadir na Khairat, na Khairat akasema yeye ndiye atakayemuuguza. Asubuhi ya kwanza alipika uji wa mtama kwa maziwa, akaupooza, akampelekea kijiko mdomoni. Twahira akafumba mdomo.

Khairat akambembeleza, na Twahira akageuza uso. Kisha akasema, taratibu kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi, "Miaka mitano we hukula changu. Mi nile chako kwani?"

Khairat akaweka bakuli chini. Alimweleza yote, kwa sauti ya kawaida, wagonjwa wengine wakisikia: choo cha mara thelathini, maumivu, daktari, daftari, msahafu. Alivitaja vyakula kimoja kimoja. Mimi nililia, na sikuwa na haki ya kulia. Twahira alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nazi?"

Khairat akamwambia nazi haimdhuru.

"Kwani hukunambia?" Twahira akasema. "Ningekupikia chako mbali. Nazi tupu, na samaki mweupe. Ningeshindwa na nini mi?"

Khairat akaliinua bakuli tena. Twahira alikubali vijiko viwili vya ule uji, akasema basi. Siku zilizofuata alimwacha Khairat amlishe, na walizungumza kidogo, habari za mama yao zaidi. Sikusikia neno la kusamehe. Huenda alilisema nilipokuwa sipo, na huenda hakulisema. Sikuthubutu kuuliza. Alifariki siku ya Jumanne, Khairat akamwosha, tukamzika Kismayo alasiri ile ile.

Njiani kurudi Khairat alimwambia mumewe, aliyekuja na mashua kutuchukua. Hussni akasema alijua tangu mwanzo. Alikuwa akimsikia akiamka, akayaona mabadiliko ya chungu, akadhani mkewe hapendi yatajwe. Hakuwa amefikiria hata siku moja kuoa.

Matanga yalikuwa nyumbani kwa Twahira. Siku ya pili wanawake walikuwa wakisoma Yasini, na Khairat akainuka kwenda chooni, akarudi, akainuka tena. Mara ya tatu Bi Mwanalima akauliza kwa nini mfiwa hatulii mahali pamoja. Khairat akasimama pale pale katikati ya mkeka.

"Nina ugonjwa wa kibofu," akasema, Kibajuni chetu kikimponyoka. "Mwaka wa sita huu. Ukwaju na ndimu vinanichoma, ndiyo maana sikula kwa dada yangu. Hapana mchu aliyenifanya kichu, wala mwanangu hakufanywa kichu."

Wanawake wakafunga misahafu yao. Hakuna aliyecheka wala aliyesogea mbali naye, yale aliyoyaogopa miaka yote ile. Bi Mwanalima alikaa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama marehemu mwenyewe alilijua jambo hilo.

Khairat akasema alilijua siku nne za mwisho.